Kwa mtumbwi wa gome kutoka Lachine hadi Grand Portage: siku kwa siku

Barafu ya mto Ottawa ikishavunjika, mwanzoni mwa Mei, hakuna siku ya kupoteza. Bidhaa za Montreal zina kilomita 1,600 na ushee za kwenda hadi Grand Portage, kwenye Ziwa Superior. Huko zinakutana na ngozi za biva, mnyama wa majini mwenye manyoya mazito, zilizoshuka kutoka kaskazini, na mitumbwi inatakiwa irudi nyumbani kabla maji hayajaganda tena. Waliofanya kazi hii ni vijana wa Kanada ya Kifaransa, wengi wao watoto wa wakulima wa parokia za kandokando ya mto St. Lawrence. Waliitwa voyageurs, yaani wasafiri. Hapa tunaufuata mtumbwi mmoja wa North West Company, kampuni ya Montreal ya biashara ya manyoya, kama safari ilivyokuwa ikienda takriban mwaka 1800. Siku tumezihesabu kwa mwendo wa kawaida, lakini upepo peke yake uliweza kuongeza wiki nzima.

Siku ya 1. Lachine hadi Sainte-Anne

Lachine iko kilomita 13 juu ya Montreal. Bidhaa zinaletwa hapo kwa mikokoteni, kwa sababu mkondo ulio katikati haupandiki kwa mtumbwi wenye shehena.

Mtumbwi wenyewe unaitwa canot de maître. Una urefu wa mita 11, upana wa karibu mita 2, na mtupu una uzito wa kilo 270 hivi. Nje ni gome la mti uitwao mbetula. Ndani kuna mbao nyembamba za mwerezi, na juu yake mataruma ya mwerezi yaliyokunjwa. Umeshonwa kwa mizizi ya mti wa sprusi, iitwayo watap, na kila mshono umepakwa utomvu. Hakuna msumari hata mmoja. Ujuzi huu ni wa Waalgonquin na Waanishinaabe wengine, wenyeji asilia wa nchi hii, na Wafaransa walijifunza kwao wakaongeza ukubwa. Ni vizuri kulikumbuka hilo kila mara mtumbwi huu unapoitwa wa Kifaransa.

Gome hilo lina unene wa milimita chache tu, na karibu kila jambo la ajabu utakaloliona katika safari hii linatokana na wembamba huo. Mtumbwi hauburutwi mchangani. Unapakiwa ukiwa unaelea, watu wamesimama majini hadi mapajani, na maji ya Mei yametoka kuwa barafu juzijuzi. Kwanza zinalazwa fito nne ndefu sakafuni, ili mzigo ukalie fito, fito zikalie mataruma, na gome lenyewe lisibebe kitu. Vizito vinakwenda chini katikati: mapipa madogo ya pombe kali, risasi, mashoka. Marobota ya blanketi na nguo yanabanwa juu na pembeni mpaka hakuna kinachocheza. Kitu kinachocheza ndani ya mtumbwi kitaupindua siku ya wimbi.

Alexander Mackenzie, aliyekuwa mshirika wa kampuni hiyo, alichapisha hesabu za shehena mwaka 1801. Ni mafurushi 65 ya ratili 90 kila moja, yaani kilo 41, watu 8 au 10 na mizigo yao, biskuti ratili 600, nyama ya nguruwe ratili 200, na njegere kavu busheli 3. Kuna maturubai mawili, tanga, shoka, kamba ya kuvutia, sufuria, sponji ya kunyonya maji, na akiba ya gome, watap na utomvu. Jumla inakaribia tani nne. Ubavu wa mtumbwi unabaki sentimita 15 tu juu ya maji.

Omoni anakaa avant, anayesoma maji na kuyakwepa mawe. Tezini anasimama gouvernail na kafi lake refu. Hao wawili wanalipwa kati ya livre (fedha ya zamani ya Kifaransa) 400 na 600. Wale wa katikati, milieux, wanapata 250 hadi 350, pamoja na blanketi moja, shati moja na suruali moja. Kiongozi wa msafara mzima anafika 800 hadi 1,000. Waajiri wanapenda watu wafupi wenye mabega mapana, kwa sababu miguu mirefu inakula nafasi ya furushi.

Jioni wanafika Sainte-Anne, ncha ya kisiwa cha Montreal. Kanisa la hapo ndilo la mwisho njiani, kwa hiyo wanaingia, wanasali na kuacha sadaka. Kisha kila mtumbwi unapewa galoni 8 za ramu. Kwa maandishi ni pombe ya safari nzima, lakini kwa desturi inaishia papo hapo.

Siku ya 2. Ziwa la Deux-Montagnes

Saa tisa usiku kiongozi anapiga kelele, na baada ya muda mfupi mitumbwi iko majini. Hakuna anayekula. Kifungua kinywa ni saa mbili asubuhi, baada ya saa nne au tano za kazi.

Makafi yanapigwa mara 45 hadi 55 kwa dakika, mafupi na ya haraka, na wimbo ndio unaowaweka pamoja. Kafi la mtu wa katikati ni jembamba, kwa sababu kafi pana halivumiliki kwa kutwa nzima ya mwendo huo. Kila baada ya saa moja hivi wanapumzika dakika chache wavute kiko. Umbali nao unahesabiwa kwa viko: ziwa fulani ni la viko vitatu, jingine la sita. Kwenye maji yaliyotulia wanakwenda kilomita 6 hadi 9 kwa saa.

Wanapiga kambi giza likiingia, na hapo kazi ya pili inaanza. Shehena yote inashushwa, na watu wanaunyanyua mtumbwi kutoka majini na kuupindua. Mtu mmoja anapita na kijinga cha moto akikagua mshono baada ya mshono. Palipopasuka panakwanguliwa na kukaushwa kwa joto la kijinga, maana utomvu haushiki gome lenye maji. Kisha utomvu ulioyeyushwa pamoja na mafuta na unga wa makaa unapakwa na kusawazishwa kwa kidole gumba kilicholoweshwa. Kipimo cha mafuta ndicho chenye utaalamu. Yakipungua, utomvu unakakamaa kwenye maji baridi na kupasuka. Yakizidi, unayeyuka na kuchuruzika siku ya jua. Tundu kubwa linashonewa kiraka cha gome kwa watap, na taruma lililovunjika linachongwa jingine kwa kisu kilichopinda.

Mpishi naye anatia sufuriani njegere lita 10 hivi, maji na vipande vya nyama ya nguruwe. Sufuria inakaa motoni usiku kucha. Asubuhi njegere zimevimba kiasi kwamba mwiko unasimama wenyewe. Kwa chakula hicho watu wa Montreal wanaitwa mangeurs de lard, wala nyama ya nguruwe, na wale wanaolala majira ya baridi kaskazini wanalitamka jina hilo kwa dharau. Usingizi ni chini ya mtumbwi uliopinduliwa, turubai limefungwa kuelekea upepo.

Siku ya 3 na ya 4. Long Sault

Mto Ottawa unashuka kwa hasira kwa kilomita nyingi, na kila mkondo una njia yake ya kupandwa. Maji yakiwa mafupi wanatumia pondo zenye ncha ya chuma. Yakiwa makali zaidi, wanatumia kamba. Watu wengi wanashuka ukingoni na kuvuta, mmoja anabaki omoni na mwingine tezini, wakiusukuma mtumbwi usiguse miamba. Mkondo ukizidi hapo, nusu ya shehena inashushwa na kubebwa kwa miguu huku mtumbwi ukivutwa mwepesi. Hiyo inaitwa décharge. Kinachobaki ni portage, yaani kushusha kila kitu na kubeba hata mtumbwi.

Hatari ya kamba ni pembe. Omo ikiachwa itoke nje kidogo kuliko inavyotakiwa, mkondo unaingia kati ya mtumbwi na ukingo, unaugeuza ubavu, na tani nne zinavuta kinyume. Hapo wavutaji wana dakika moja ya kuchagua kati ya kulegeza kamba taratibu na kuiachia kabisa. Wakikaza, kamba inakatika au inawaangusha juu ya mawe yenye utelezi. Wengi wao hawajui kuogelea.

Siku ya 6. Chaudière

Maporomoko haya yapo mahali lilipo jiji la Ottawa leo. Maji yanaanguka zaidi ya mita 7, na njia ya kubebea ina hatua 643.

Kila furushi linabebwa kwa mkanda wa ngozi uitwao collier. Sehemu pana ya mkanda inakaa kwenye paji la uso, juu kidogo ya nyusi, na mikia miwili inafunga furushi lililolala chini kabisa ya mgongo. La pili linatupwa juu ya la kwanza, linaegemea kati ya mabega. Mtu anainama mbele, anapinda magoti na kuondoka kwa mwendo wa nusu mbio. Nusu mbio hiyo ina sababu yake: mzigo ukiachwa utulie unaisukuma shingo chini, na ukiwa mwendoni uzito unamsukuma mtu mbele badala ya kumkandamiza. Kilo 82 kwa safari moja ndiyo kawaida. Mafurushi 65 kwa watu 10 ni safari tatu hadi nne kwa kila mtu, na kila safari ina kurudi kwake.

Mtumbwi unabebwa na watu wanne, umepinduliwa, wawili omoni na wawili tezini, na mwenzao anatangulia kutafuta njia. Mmoja akiteleza, watatu waliobaki wanapokea uzito wake kwa ghafla.

Kinachoua kwenye njia hizi ni ugonjwa wa ngiri. Utumbo unatoka kwenye msuli wa kinena chini ya mzigo, unabanwa, na siku chache baadaye mtu amekufa porini. Hakuna daktari kwenye mtumbwi wa mafurushi 65. Wanaohesabu faida ya biashara hii kwa ngozi peke yake wanaliacha deni hili nje ya daftari.

Siku ya 8 hadi ya 11. Chats na Grand Calumet

Grand Calumet ndiyo njia ndefu kuliko zote za mto Ottawa: hatua 2,035, na ni mlima. Njia za namna hii zinagawanywa kwa vituo viitwavyo poses, kila kimoja baada ya mita 500 hadi 800. Mizigo yote inafikishwa kituo cha kwanza ndipo yoyote iende cha pili. Hivyo watu na bidhaa wanakaa karibu karibu, hakuna rundo linaloachwa peke yake, na mtu anapumzika anaporudi mikono mitupu kuchukua jingine.

Siku ya 13. Pointe au Baptême

Kwenye ncha hii ya mchanga wageni wanabatizwa. Anayepita kwa mara ya kwanza anarashiwa maji kwa tawi, na anatakiwa awanyweshe wenzake. Kisha mto unanyooka kilomita nyingi chini ya majabali. Ni siku ya tanga ikiwa upepo utakubali.

Siku ya 16 hadi ya 19. Mto Mattawa na matope ya La Vase

Hapa wanauacha mto Ottawa na kuingia mto mdogo wa upande wa kushoto. Samuel de Champlain alipita hapa mwaka 1615 akiongozwa na wenyeji waliokuwa wakiitumia njia hii tangu zamani. Mto ni mfupi lakini umejaa njia za kubebea, mojawapo ikiitwa Mauvais de Musique. Mackenzie aliandika kwamba hapo watu wengi walipondwa na mtumbwi wakafa, na wengine wakapata majeraha yasiyopona. Ukiifikiria ile picha ya watu wanne chini ya kilo 270, na gome linaloongezeka uzito kwa maji liliyoyanywa, juu ya mwamba unaopanda na kushuka, huhitaji maelezo zaidi.

Baada ya maziwa ya juu inakuja La Vase, maana yake tope: njia tatu za kubebea, na katikati yake vijito vyenye mabwawa ya biva. Mtu anazama hadi magotini na mafurushi mawili mgongoni. Akianguka kifudifudi hawezi kunyanyuka hadi mwenzake amvue mkanda. Mbu na inzi weusi wameanza, na mikono yote miwili imeshika mzigo. Lakini hapa ndipo mgongo wa nchi. Kutoka hapa maji yanakwenda upande wao.

Siku ya 20 hadi ya 22. Ziwa Nipissing na mto French

Nipissing ni pana na kina chake ni kifupi, kwa hiyo upepo kidogo unainua mawimbi mafupi yaliyosimama. Kiongozi anavuka alfajiri au anasubiri.

Mto French ni wa kuteremka, kilomita 110 hivi, na baada ya wiki tatu za kupanda kila mtu anatamani kuruka mikondo badala ya kubeba. Hapo ndipo shehena nyingi zilipopotea. Avant anasimama, anatafuta ulimi laini wa maji unaoonyesha kina, na kuivuta omo kwa kafi. Ili mtumbwi utii, lazima uende kasi kuliko maji. Ukienda sawa na maji, makafi hayana cha kushika. Katika miaka ya 1960 wapiga mbizi walitoa mashoka, bunduki na risasi za enzi hizo kutoka chini ya mikondo ya mto huu. Waliozama wenyewe waliwekewa misalaba ya mbao ukingoni, na waliopita walivua kofia.

Siku ya 23 hadi ya 28. Ziwa Huron

Sasa ni maji mapana, kati ya visiwa vya kaskazini mwa ziwa. Njegere na nguruwe vimepungua, na chakula kinachofuata ni mahindi. Mahindi haya yamechemshwa kwenye maji makali ya majivu mpaka ganda likatoka, yakaoshwa na kukaushwa. Kipimo cha mtu mmoja kwa siku ni lita moja hivi ya mahindi, yanachemshwa saa mbili kwa moto wa wastani katika galoni moja ya maji, na mafuta ya mnyama wakia 2 yanaongezwa. Mackenzie anasema chakula hiki kinamtosha mtu kwa saa 24. Kampuni ilikipenda kwa kuwa ni chepesi kubeba na hakiozi. Wapiga kafi hawakuulizwa.

Siku ya 29. Sault Ste. Marie

Hapa Ziwa Superior linamwagika kuelekea Huron. Kampuni imechimba mfereji na kujenga lango la kupandishia mitumbwi upande wa Kanada, kazi ya mwaka 1797 na 1798. Wanajeshi wa Marekani waliliharibu mwaka 1814. Mitumbwi inakaguliwa upya kwa utulivu, maana mbele hakuna mahali pa kukosea.

Siku ya 30 hadi ya 44. Ziwa Superior

Maji haya ni baridi hata Juni, na aliyetumbukia mbali na ukingo hana muda mrefu. Kanuni ni kuufuata ukingo wa kaskazini, lakini ukingo una ghuba kubwa, na kuzizunguka zote ni kupoteza siku. Kwa hiyo wanavuka kutoka ncha hadi ncha. Kabla ya kuvuka, kiongozi anatazama mawingu, na mtu mmoja anatupa tumbaku kidogo majini kwa ajili ya la vieille, bibi kizee wa upepo. Huyo akikasirika katikati ya ghuba, mawimbi yanaingia juu ya ubavu ule wa sentimita 15, na wawili wanaacha makafi ili wakumbe maji. Maji yakiongezeka bado, mafurushi yanatupwa ziwani.

Upepo ukiwakataza kuondoka wanasema wamekuwa dégradés. Wanalala, wanashona viatu vya ngozi, wanapaka utomvu. Siku mbili, tatu, wakati mwingine zaidi, na kila siku inakula mahindi bila kwenda popote. Ndiyo maana upepo ukitulia saa nne usiku wanaamshwa saa nne usiku. Ukungu nao unataka sikio, kwani wanasogea taratibu wakisikiliza maji yanavyopiga jabali.

Kuvuka kwa mwisho ni mdomo wa Thunder Bay.

Siku ya 45. Grand Portage

Kabla ya ncha ya mwisho wanasimama, wananyoa, wanavaa shati safi na mshipi wa rangi, kisha wanaingia ghubani kwa makafi ya kasi wakiimba. Kambi yao iko nje ya uzio wa kituo cha kampuni, na wengi wanalala chini ya mitumbwi yao.

Siku zinazofuata. Kilomita 13.6

Mkataba haujaisha. Kutoka ziwani hadi Fort Charlotte, kituo kingine cha kampuni kwenye mto Pigeon juu ya maporomoko yake, kuna njia ya vilima na tope yenye urefu wa kilomita 13.6 na vituo 16. Kila mtu wa Montreal anatakiwa avushe mafurushi 8 bila malipo ya ziada. Kwa mawili mawili ni safari nne. Furushi la tisa na kuendelea linalipwa dola moja ya Kihispania. Mackenzie aliwajua waliokwenda na mawili na kurudi na mawili kwa saa sita.

Wakati huo mitumbwi imelala ufukweni, imepinduliwa, na mishono inapakwa upya kwa safari ya kurudi. Ngozi za biva zimebanwa kuwa marobota, na kila robota lina uzito wa ratili 90.